Kuchoma Gesi Taka Bila Kuchoma Watu

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja wa umoja wetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanafunzi wa sasa. Imechapwa kama ilivyosomwa, ila salamu zimefupishwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu, wanachama wenzangu, na ninyi wadogo zetu mlioketi huko nyuma kwenye mabenchi ambayo mgongo wangu bado unayakumbuka.

Naishukuru kamati kwa kunialika. Katibu aliponipigia simu alisema nizungumze juu ya maisha ya kazi, kwa dakika 30, na nisiwachoshe vijana. Nikamjibu kwamba miaka yangu 31 ya kazi, tangu 1981 hadi 2012, imepita mbele ya moto, kama ya mpishi, na sina habari nyingine ya kuwaletea isipokuwa ya moto. Akasema basi njoo na huo moto. Ndio huu.

Nianzie hapa hapa shuleni. Mwaka 1974, tukiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kemia, Mungu amrehemu, aliingia maabara na kopo tupu la Kimbo. Alikuwa amelitoboa tundu dogo kwenye kitako na kuliziba kwa kipande cha karatasi. Akalisimamisha mezani mdomo chini, kitako juu, akaliegemeza upande mmoja juu ya kijiti ili hewa ipate kupita, kisha akalijaza haidrojeni aliyoitengeneza kwa zinki na asidi. Akatuamuru turudi nyuma hadi ukutani. Akatoa karatasi, akasogeza njiti ndefu yenye moto kwenye tundu.

Hatukuona kitu. Haidrojeni safi huwaka karibu bila rangi, na mchana haionekani. Wale wa nyuma wakaanza kunong'ona kwamba jaribio limeshindwa. Mwalimu akanyamaza tu, mikono nyuma. Mara kopo likaanza kuimba, sauti nyembamba, ikawa nzito, ikawa nzito zaidi, kisha likaruka hadi darini kwa mshindo uliomtoa mpishi jikoni akidhani ni bomba la maji. Asubuhi hii nimeingia maabara makusudi kutazama. Dari limepakwa rangi mara nyingi tangu siku zile, lakini bonyeo lipo. (Kicheko.)

Mwalimu akatuuliza: gesi ni ile ile, moto ni ule ule, kwa nini mwanzoni imewaka kwa adabu na mwishoni imelipuka? Hakuna aliyejibu. Akaeleza. Gesi ilipokuwa imejaa, moto ulikaa pale tunduni tu, kwa sababu ndani ya kopo hapakuwa na hewa ya kuwakia. Kadiri gesi ilivyokwisha, hewa iliingia kwa chini kuchukua nafasi yake, gesi na hewa vikachanganyika, na mchanganyiko ulipofika kipimo, moto ukashuka kupitia tundu ukaingia ndani. Kazi yangu yote ya baadaye ilikuwa kuzuia kopo lile lisiruke, isipokuwa makopo yangu yalikuwa na urefu wa ghorofa nne na watu walikuwa wakitembea chini yake.

Sasa niwaeleze kiwanda cha kusafisha mafuta kwa wale ambao hawajapata kukiona. Wazee hapa wanakumbuka kwamba pwani yetu ilikuwa navyo. Kile cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi 1963 na kikaacha kusafisha mafuta 2013. Cha Kigamboni, Dar es Salaam, kilianza 1966, nacho kimekwisha kuacha kazi hiyo, yamebaki matangi ya kuhifadhia. Kiwanda cha namna hii ni jiko. Mafuta ghafi hupitishwa ndani ya mabomba yaliyopangwa kwenye tanuri kubwa, yakapashwa moto hadi nyuzi 350 hivi, kisha hutiwa katika mnara mrefu ambamo kila sehemu hupanda kwa wepesi wake: petroli juu, mafuta ya taa chini yake, dizeli chini yake tena. Kinachobaki kitako ni kitu kizito cheusi. Hicho nacho kina mali ndani yake, lakini ukikipasha moto zaidi kitaungua kama ugali uliosahauliwa. Basi hupelekwa kwenye tanuri la pili na mnara wa pili ambao hewa yake imefyonzwa, kwa sababu mahali penye presha ndogo vitu huchemka kwa joto dogo. Mwanafunzi aliyepanda Kilimanjaro anajua: kileleni maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi, na maharage hayaivi.

Ufyonzaji huo hufanywa na ndege za mvuke zinazovuta kila kitu kutoka juu ya mnara. Kinachovutwa hupozwa kwa maji. Mvuke na mafuta mepesi hugeuka maji maji na kukusanywa. Lakini ipo gesi ambayo haikubali kupozwa. Ni kidogo, ni chafu, na haina presha ya kutosha hata kujisukuma mbali. Hiyo ndiyo gesi taka ninayokusudia. Ndani yake mna methani, haidrojeni, gesi nyingine nyepesi, na ile gesi ya kiberiti inayonuka kama mayai viza. Hiyo ya mwisho, vijana, ni mbaya kuliko harufu yake. Ikiwa kidogo sana utainusa. Ikifika sehemu 100 katika milioni ya hewa, pua yako hufa ganzi, ukadhani imeondoka. Ikizidi zaidi, mtu huanguka, na anayemkimbilia bila kifaa cha kupumulia huanguka juu yake.

Tena mna kitu cha tano, ambacho wahandisi wachanga hukisahau: hewa. Bomba lenye presha likitoboka, gesi hutoka nje, utaisikia ikilia na utainusa. Mnara uliofyonzwa ukitoboka hautoi kitu. Hewa huingia ndani, kimya, na hakuna wa kukuambia. Kwa hiyo gesi taka ya mnara ule waweza kuipokea leo safi, na kesho ikaja imekwisha changanyika na hewa yake yenyewe. Mnakumbuka kopo.

Gesi hiyo uifanye nini? Kuiachia hewani hairuhusiwi, wala haifai, kwa sababu ya watu niliowataja. Kuipeleka kwenye mwenge, yaani lile bomba refu lenye moto juu ambalo mabaharia walilitumia kama taa ya njia, ni salama, lakini ni kuchoma fedha. Dunia nzima hufanya hivyo bado. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2023 gesi iliyochomwa bure, zaidi kwenye visima vya mafuta, ilifika mita za ujazo bilioni 148. Njia ya tatu ni kuirudisha kwenye lile lile tanuri la mnara, ikawake pamoja na gesi ya kawaida, isaidie kupasha mafuta. Tanuri liko jirani, linawaka usiku na mchana, na ndani yake pana joto la kuteketeza kila kitu. Kwenye karatasi ni jambo jema kabisa. Mimi mwenyewe nililipigania.

Ugumu wake ni huu. Gesi ya kununua imetengenezwa iwe mafuta ya moto, na tabia yake unaijua. Gesi taka haikutengenezwa na mtu yeyote. Ni mabaki, na tabia yake hugeuka. Chukueni mfano ambao mnaweza kuupiga hesabu darasani. Lita moja ya haidrojeni ikitaka kuungua yote huhitaji lita 2.4 za hewa. Lita moja ya methani huhitaji 9.5. Lita moja ya propani huhitaji kama 24. Basi ikiwa umeweka milango ya hewa ya tanuri lako kwa ajili ya gesi yenye haidrojeni nyingi, na kwa sababu fulani huko juu ikaanza kuja propani, geji ya kiasi cha gesi inaweza isionyeshe ajabu yoyote, nawe tayari una njaa ya hewa mara kumi kwa kila lita. Na kama yakija matone ya mafuta yenyewe, hesabu hiyo iacheni, kwa maana tone dogo likichemka huwa gesi nyingi mno.

Tanuri lenye njaa ya hewa ni hatari ya aina ya peke yake. Mnajua jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, jinsi linavyotoa hewa ya sumu isiyonuka, na kila mwaka tunazika watu kwa ajili yake. Ndani ya tanuri ni vivyo hivyo. Moto unakuwa mrefu, wa manjano, unavivu, unatafuta hewa. Dohani inatoa moshi mweusi. Na sanduku zima la tanuri linajaa gesi ya moto isiyoungua, ambayo haina ilichopungukiwa ila hewa tu. Mtu akiona moshi, mkono wake wenyewe humwambia afungue hewa. Hapo ndipo watu hufa. Ukifungua hewa umeipa gesi ile kitu pekee ilichokuwa ikikingoja, na mahali pote kwa mara moja. Namna ya kufanya ni kinyume cha mkono: hewa iache kama ilivyo, punguza gesi, kidogo kidogo, mpaka moto ujisafishe wenyewe. Kisha ndipo uguse hewa. Niliwafundisha vijana jambo hili kwa miaka mingi na kila mara niliona kwenye nyuso zao kwamba hawaamini.

Vifaa vya kulinda vipo, na ni vya zamani. Kabla ya tanuri huwekwa tangi la kunasia matone, ambamo gesi hupunguza mwendo na maji maji huanguka chini. Ndani ya tangi mna boya. Maji maji yakipanda, boya huinuka, kengele inalia, na vali inafunga njia ya tanurini na kufungua njia ya mwenge. Baada ya tangi huwekwa kizuizi cha moto, kisije kikatokea kisa cha kopo, moto ukarudi nyuma ndani ya bomba. Asili ya kizuizi hicho ni taa ya Humphry Davy. Mwaka 1812 mgodi wa makaa wa Felling, kaskazini ya Uingereza, ulilipuka ukaua watu 92, wanaume na watoto. Davy alipoombwa msaada akagundua, mwaka 1815, kwamba moto ukizungukwa na wavu mwembamba wa waya haupiti upande wa pili, kwa sababu waya hunyang'anya moto joto lake. Kizuizi cha kiwandani ni wavu ule ule, ila umenenepa. Udhaifu wake ni kwamba huziba masizi na uchafu, na kikiziba, mtu fulani asubuhi moja hukitoa "kwa muda".

Zaidi ya hapo zipo kanuni chache. Gesi taka huingia mwisho na hutoka kwanza: tanuri liwe limekwisha pata moto na linasimama kwa gesi yake ya kawaida ndipo mgeni aingie, na tanuri liweze kuishi bila yeye. Tanuri likizimika, gesi zote zifungwe zenyewe bila kungoja mtu. Na usiwashe tena kabla ya kulisafisha kwa mvuke au hewa mpaka uwe na hakika kwamba yaliyomo ndani yametoka yote mara kadhaa. Milipuko mingi ya matanuri hutokea wakati wa kuwasha, na mara nyingi ni jaribio la pili au la tatu, wakati watu wamechoka na bosi yuko kwenye simu.

Mambo hayo nilikuwa nayajua yote mwezi Agosti 1996. Nilikuwa nimehama kutoka pwani yetu miaka mitano nyuma, nikifanya kazi katika kiwanda kimoja cha Ghuba ambacho sitakitaja. Nilikuwa mhandisi msaidizi wa mtambo, na mradi wa kurudisha gesi taka tanurini ulikuwa wangu. Kila mwezi nilipeleka taarifa ya gesi tuliyookoa, na taarifa ile ilisomwa na wakubwa.

Mwanzoni mwa mwezi ule kengele ya tangi la matone ilianza kulia. Ililia mara sita katika wiki moja, nadhani. Kila ilipolia vali iligeuka, gesi ikaenda kwenye mwenge, mwenge ukapanda juu, na simu ikalia ikiniuliza kwa nini. Nikamwita fundi wa vipimo. Alikuja asubuhi, akafungua, tangi kavu. Akalijaribu boya, zima. Siku ya pili akaja tena asubuhi, kavu. Nikahukumu kwamba kengele inasema uongo. Nikaandika katika daftari la zamu kwamba kengele na vali ya boya lile zifungwe zisifanye kazi hadi kipuri kifike, nikatia sahihi.

Kengele haikuwa inasema uongo. Hili tulilijua baadaye, na lingeweza kujulikana mapema kwa mtu kutazama saa tu. Kengele ililia alasiri. Fundi alikuja asubuhi. Maji tuliyopozea yalikuwa ya bahari, na bahari ya Ghuba mwezi Agosti hufika nyuzi 33 na zaidi. Ifikapo alasiri vipozeo vilikuwa vinashindwa, mafuta mepesi yalikuwa yanapita bila kupozwa, yanaangukia tangini, kengele inalia. Usiku maji yakipoa yale mafuta yalikuwa yanachuruzika polepole kwa bomba la chini, na asubuhi fundi anakuta tangi kavu. Daftari lilikuwa na saa zote sita, zimeandikwa kwa mkono safi. Mimi nilisoma neno "kengele", saa sikuzisoma.

Siku ya tatu baada ya sahihi yangu, kama saa kumi alasiri, pampu moja ya maji ya bahari iliharibika. Mafuta yakaja mengi. Tangi likajaa, boya likainuka kama lilivyofundishwa, na hakuna kilichotokea kwa kuwa nilikuwa nimelifunga mdomo. Mafuta yakaenda moja kwa moja tanurini. Waliokuwa nje waliona moto ukigeuka manjano, kisha dohani ikatoa moshi mweusi, na chini ya tanuri mafuta yakaanza kudondoka huku yanawaka.

Zamu ilikuwa ya mzee mmoja wa Kerala, kusini ya India, mtu wa maneno machache. Alipaza sauti kwenye redio: asiyeambiwa asiguse hewa, funga gesi. Lakini kijana wa nje, Mpakistani wa miaka 23 ambaye alikuwa na miezi minne tu kazini, alikuwa amekwisha fika chini ya tanuri. Aliona moshi. Alifanya ambalo mkono wake ulimwambia. Alifungua mlango mmoja wa hewa, akafungua wa pili.

Mimi nilikuwa chumba cha kuongozea mitambo. Sikusikia mshindo kama ule wa kopo. Ilikuwa kama mtu mkubwa amevuta pumzi akaitoa. Kidirisha cha kuchungulia tanuri kilifunguka kwa nguvu, na ulimi wa moto ukatoka pale alipokuwa amesimama.

Mzee yule akageuza gesi taka kwenye mwenge kwa mkono, akakata gesi ya kawaida, akafungua mvuke wa kuzimia. Dakika chache moto ulikwisha. Kuta za tanuri zilisimama, mabomba hayakupasuka. Kwa upande wa mitambo hasara ilikuwa ndogo, na siku ya tisa tuliwasha tena.

Kijana aliungua uso na mikono yote miwili. Alikaa hospitali wiki saba. Nilikwenda kumwona siku ya tano. Alikuwa akiniita kaka, kwa lugha yao, na siku ile aliniuliza jambo moja tu: "Kaka, nilikosea kufungua hewa?" Nikamjibu kwamba ndiyo, hewa haikupaswa kufunguliwa, na nikamweleza sababu, kama nilivyowaeleza ninyi sasa. Alisikiliza. Juu ya boya sikumwambia.

Tume ya kiwanda ilikaa. Sahihi yangu iliwekwa mezani, na sikuikana. Nikapewa onyo la maandishi. Kijana, kwa kuwa alikuwa kibarua wa mkataba, mkataba wake ulikwisha akiwa kitandani, akarudishwa kwao. Mwaka uliofuata mimi nilipandishwa cheo. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda, Ndugu Mwenyekiti, na sioni njia ya kuyasimulia yakapendeza. Nilimwandikia barua baada ya miezi minne nikamweleza habari ya boya, yote, pamoja na saa. Hakunijibu. Nilituma na fedha kidogo, fedha zilipokewa.

Baada ya hapo tulibadili mengi. Maboya yakawa mawili yasiyotegemeana, ili moja likilia na jingine likanyamaza mtu alazimike kufikiri. Kufunga kengele yoyote kukataka sahihi mbili, na ruhusa ikafa yenyewe zamu inapokwisha. Anayeitaka aiombe upya na aeleze upya. Fundi akaitwa saa ile ile kengele inapolia. Milango ya hewa ikatiwa kufuli, ufunguo kwa msimamizi wa zamu. Na gesi taka yenyewe ikaanza kuoshwa kwa dawa inayonasa ile gesi ya kiberiti. Hili la mwisho lilistahili kufanywa tangu mwanzo. Vijana mjue kwamba moto hauondoi kiberiti. Unakibadili tu kutoka gesi inayoua chini kuwa gesi inayowasha vifua vya watu wa mji wa jirani, na dohani ikipoa mno huwa asidi inayokula chuma.

Msidhani ni kisa cha mtu mmoja. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha BP huko Texas City, Marekani, mnara ulijazwa mafuta kupita kiasi wakati wa kuwashwa. Kipimo cha kina kilionyesha uongo na kengele ya juu ya kina haikulia. Mafuta yakafurika, yakatoka kwa bomba refu la kutolea gesi ambalo halikuwa na moto wa kuyachoma, yakamwagika na kutanda chini, yakalipuka. Walikufa watu 15, na majeruhi walikuwa kama 180. Bomba lile lilikuwa la mtindo wa zamani, na palikuwa pamewahi kupendekezwa liunganishwe na mwenge.

Nimeulizwa asubuhi na kijana mmoja wa kidato cha tatu kama habari hizi zina faida kwetu, maadamu viwanda vyetu vya kusafisha mafuta vimefungwa. Ni swali zuri. Uganda imekuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku kule Hoima. Gesi ya Songosongo inaendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam tangu 2004. Viwanda vya saruji, vya sukari, vya bia, vyote vina matanuri na majiko ya mvuke, na katika hayo kanuni ya hewa na gesi haibadiliki hata nukta. Hata mtambo wa gesi ya samadi nyuma ya jiko la shule, ambao nimeuona leo nikaufurahia, una gesi isiyo na presha, ina ile ile harufu ya mayai viza, na hupokea hewa kila mnapoufungua kuusafisha. Nimemwambia mpishi aniite kabla ya kuuwasha tena mara nyingine. (Kicheko.) Sikutania.

Nimepitisha dakika zangu, Ndugu Mwenyekiti, namwona Katibu akitazama saa yake. Nimeshauriana na mwalimu wa Kemia wa sasa. Kesho Jumapili saa nne asubuhi, wanaotaka waje maabara. Nimeleta wavu wa waya wa shaba, na tutaushika juu ya mdomo wa gesi, tuwashe juu yake, mwone moto ukikaa juu na gesi ikipita chini bila kushika. Kisha tutauacha wavu upate moto mpaka uwe mwekundu, mwone unavyoshindwa. Kopo la Kimbo nimelileta pia, nimekwisha litoboa. Msije na vibiriti mifukoni, vitakusanywa mlangoni. Na atakayewahi kufika afungue madirisha yote kwanza.